Moyo wa Denise na Ruhusa ya Baba

Wajukuu zangu, hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina binti aliyekwenda kununua keki, ina moyo wake, na ina baba aliyeulizwa jambo ambalo mzazi yeyote angeomba asiulizwe. Ni hadithi ya kweli mwanzo hadi mwisho, na nitaisimulia polepole, maana ndani yake mna kazi ambayo nyinyi wenyewe mnaweza kuifanya mkirudi nyumbani.

Tuanzie Newtown, katikati ya jiji la Johannesburg. Simameni nami kwenye uwanja wa Mary Fitzgerald, uliopewa jina la mama mmoja aliyepigania haki za wafanyakazi zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Lile jengo refu lilikuwa soko la matunda na mboga lililofunguliwa mwaka 1913. Tangu mwaka 1976 upande mmoja wake ni ukumbi wa michezo ya kuigiza, Market Theatre. Karibu na hapo kuna Sci-Bono, kituo cha sayansi ambako watoto wa shule hushushwa na mabasi wakaingia kugusa na kujaribu vitu. Na upande wa kaskazini mnaona nguzo na nyaya za Daraja la Nelson Mandela, lenye urefu wa mita 284, lililofunguliwa mwaka 2003, linalovuka reli kwenda Braamfontein.

Mkivuka daraja hilo na kupanda kilima, mnaingia eneo la hospitali. Huko ndiko ilikokuwa hospitali kuu ya zamani ya Johannesburg, na humo, mwaka 1966, madaktari walipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini Afrika Kusini. Mbele kidogo, Parktown, ipo hospitali kubwa ya serikali iitwayo Charlotte Maxeke, na ipo Wits Donald Gordon, wanakopandikiza maini na figo, kwa watu wazima na kwa watoto. Kwa hiyo mtoto wa Newtown ambaye ini lake limekufa haishi mbali na wanaojua kumponya. Madaktari wapo, vyumba vya upasuaji vipo. Kinachokosekana ni ini lenyewe, na ini halitengenezwi kiwandani. Lazima litoke kwa mtu.

Mara nyingine mtu huyo yuko hai. Mwili una figo mbili, na mtu mzima mwenye afya anaweza kuishi vizuri kwa moja. Ini nalo lina ajabu yake: ukikata kipande ukampa mwingine, kilichobaki hukua tena, na kile kipande nacho hukua huko kilikopelekwa. Ndiyo maana mzazi anaweza kumpa mwanawe sehemu ya ini lake.

Mwaka 2017 pale Donald Gordon palitokea jambo ambalo lilikuwa halijawahi kuonekana. Kulikuwa na mtoto mdogo sana, hajafikia miaka miwili, ini limeharibika, jina lake limo kwenye orodha ya wanaosubiri. Miezi ikapita bila ini kupatikana. Mama yake akawaomba madaktari wachukue kipande cha ini lake. Lakini mama yule alikuwa anaishi na virusi vya UKIMWI, na mtoto hakuwa navyo. Mama alikuwa anameza dawa zake vizuri na afya yake ilikuwa imara. Hata hivyo hatari ya kumwambukiza mtoto ilikuwepo. Madaktari wakapima mambo mawili: mtoto kufa kwa kukosa ini, au mtoto kuishi na virusi ambavyo dawa zake zipo. Wakampa mtoto dawa za kumkinga kabla ya upasuaji, kisha wakapandikiza. Habari zilipotangazwa Oktoba 2018, mama na mtoto wote walikuwa wazima, na madaktari walikuwa bado hawawezi kusema kwa uhakika kama virusi vimemwingia mtoto au la.

Nawasimulia hayo ili mwone uhaba unawafikisha watu wapi. Mama yule alifanya jambo la kishujaa, na madaktari walifanya kazi ya akili na huruma. Lakini walifika kwenye uamuzi ule mzito kwa sababu miezi yote ile hakuna ini lililoletwa kutoka kwa mtu aliyefariki.

Na kuna kiungo ambacho mzazi hawezi kumpa mwanawe hata akitaka vipi. Moyo ni mmoja. Moyo hutoka kwa mtu aliyefariki tu. Hapa ndipo anapoingia Denise.

Denise Darvall alikuwa na miaka 25, karani wa benki mjini Cape Town. Jumamosi, tarehe 2 Desemba 1967, alikuwa kwenye gari na wazazi wake, wanakwenda kutembelea marafiki. Wakasimama njiani, kwenye barabara kuu ya mtaa wa Observatory. Denise na mama yake wakashuka kununua keki. Walipokuwa wanavuka kurudi garini, gari jingine likawagonga wote wawili. Mama, Myrtle, akafariki papo hapo. Denise akakimbizwa hospitali ya Groote Schuur akiwa ameumia vibaya sana kichwani.

Katika hospitali hiyo hiyo alikuwa amelazwa mzee mmoja, Louis Washkansky, mfanyabiashara wa vyakula, moyo wake umechoka kabisa. Daktari Christiaan Barnard alikuwa tayari kujaribu kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kufanyiwa kikafanikiwa: kumtoa mtu moyo uliochoka na kumwekea wa mtu mwingine. Alichosubiri ni moyo.

Madaktari walipohakikisha kwamba ubongo wa Denise umekufa na hakuna la kufanya, wakamwendea baba yake, Edward Darvall. Mfikirieni mzee huyo. Mkewe amekufa mchana ule ule. Sasa anaambiwa binti yake naye hatapona, na hapo hapo anaombwa moyo wa binti yake kwa ajili ya mtu asiyemjua. Hapakuwa na karatasi ambayo Denise alikuwa ameitia sahihi. Mzee alipewa nafasi ya kufikiri, akakaa kimya kama dakika nne. Baadaye alieleza kwamba katika dakika zile alimkumbuka Denise alivyokuwa: keki aliyompikia siku ya kuzaliwa, na joho la kuvaa nyumbani alilomnunulia kwa mshahara wake wa kwanza. Alikumbuka kwamba binti yake alikuwa mtoaji. Akakubali.

Usiku ule, tarehe 3 ikiwa imeanza, Barnard na wenzake wakaushona moyo wa Denise kifuani mwa Washkansky. Ukapiga. Dunia nzima ikaandika jina la Barnard. Washkansky aliishi siku 18, akafa kwa nimonia, kwa sababu dawa alizopewa ili mwili usiukatae moyo mgeni zilidhoofisha kinga yake. Moyo wenyewe ulikuwa bado unapiga vizuri.

Figo moja ya Denise ilipelekwa hospitali nyingine, kwa mtoto wa miaka 10 aitwaye Jonathan van Wyk. Denise alikuwa Mzungu. Jonathan alikuwa mtoto ambaye sheria za makaburu zilimwita “Chotara”, haruhusiwi kusoma shule moja na Wazungu wala kukaa nao benchi moja kwenye bustani. Wapo waliolalamika. Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 2 Januari 1968, mambo yakageuka upande wa pili: Philip Blaiberg, daktari wa meno, Mzungu, akapewa moyo wa Clive Haupt, kijana wa miaka 24 aliyekuwa amepangwa kundi lile lile la Jonathan. Blaiberg akaishi nao miezi 19. Sheria ile ya ubaguzi haikuwa na la kusema ndani ya kifua cha mtu.

Sasa nitawaeleza jambo ambalo watu wazima wengi hawakuelezwa wakiwa watoto, na ndilo linalowakwamisha siku ya siku.

Mtu anakufaje wakati moyo wake unapiga? Moyo una umeme wake wenyewe. Hauhitaji amri ya ubongo ili upige. Unahitaji hewa safi iliyomo kwenye damu. Ubongo ukifa, kupumua kunakoma, kwa maana kupumua kunaamriwa na ubongo. Lakini mashine ikisukuma hewa mapafuni, moyo utaendelea kwa muda. Ngozi itakuwa na joto. Kifua kitapanda na kushuka. Mama akimshika mwanawe mkono, mkono una joto, kama wa mtu aliyelala. Ila mwenyewe hayupo tena, na hatarudi.

Msichanganye hali hiyo na kupoteza fahamu. Aliyepoteza fahamu, hata kwa wiki nyingi, ubongo wake bado uko hai na anaweza kuamka. Aliyekufa ubongo haamki. Madaktari hawakisii. Wanamulika mboni za macho kuona kama zitasinyaa. Wanagusa jicho kuona kama litapepesa. Wanamimina maji ya baridi sikioni, kwa sababu ubongo ulio hai hauwezi kunyamaza, macho lazima yasogee. Mwisho wanaitenga mashine kwa dakika chache wakiangalia kama mwili utajaribu kuvuta pumzi hata moja. Afrika Kusini sheria inataka madaktari wasiopungua wawili wathibitishe, mmoja wao awe na uzoefu wa miaka isiyopungua mitano, na hata mmoja wao asiwe katika kundi linalopandikiza viungo. Anayetangaza kifo hana faida yoyote kwenye kifo hicho.

Sasa tuje kwenye kujiandikisha. Afrika Kusini kuna taasisi iitwayo Organ Donor Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1988. Mtu mzima akitaka viungo vyake vitumike akifa, anajiandikisha huko bure, wala hapimwi chochote. Anapewa vibandiko vidogo vya kubandika kwenye kitambulisho na leseni ya udereva. Mtu mmoja anaweza kuokoa maisha ya watu saba: moyo, mapafu, ini, figo mbili, kongosho, kila kimoja kina anayekisubiri, na ini laweza kugawiwa wawili. Ukiongeza kioo cha jicho, ngozi na mifupa, wanaofaidika ni wengi zaidi.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Kile kibandiko hakiamui. Hospitali itaiuliza familia hata kama marehemu alijiandikisha, na familia ikikataa, madaktari hawaendelei. Hawatamvuta mtoto mikononi mwa mama anayelia.

Tuseme ni dada yako mkubwa. Ana miaka 22, anafanya kazi dukani pale Newtown, hajaolewa. Amejiandikisha tangu mwaka jana na kibandiko kiko kwenye kitambulisho chake, ila hakumwambia mtu kwa sababu aliona ni jambo dogo. Ajali inatokea. Saa nane za usiku mama yako amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, kanga imelowa machozi. Anakuja muuguzi, mratibu wa upandikizaji, anakaa karibu naye, anaongea taratibu. Anauliza. Mama hajui. Anampigia baba. Baba anampigia baba mkubwa aliyeko Bukavu, bibi wa Tanga naye anataka kusikia. Kwenye simu mmoja anasema mtu azikwe mzima kama alivyozaliwa. Mwingine anauliza kama jambo hili dini inaruhusu. Mwingine anasema tungojeni, pengine ataamka. Hakuna hata mmoja mwenye nia mbaya. Wote wanampenda. Lakini hakuna anayeweza kusema, “Mimi nilimsikia kwa masikio yangu akisema anataka.” Na muda hausubiri: moyo ukishatolewa una saa nne tu au zaidi kidogo, na kabla ya kutolewa, mwili wenyewe unaendelea kuharibika saa kwa saa. Mama, akiwa hana la kushikilia, anasema hapana. Namwelewa mama huyo kabisa. Aliyekosea si yeye. Aliachwa peke yake na swali ambalo dada yako alikuwa na jibu lake.

Sheria ya Afya ya Afrika Kusini ya mwaka 2003 inataja njia tatu za mtu kutoa viungo vyake akifa: kwa wosia, kwa maandishi yaliyotiwa sahihi yake na ya mashahidi wawili, au kwa kutamka kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili. Hiyo ya tatu naipenda kuliko zote. Sisi ni watu wa kusema na kusikilizana, na sheria imelipa neno la mdomo heshima yake. Pale ambapo marehemu hakusema wala kuandika, sheria inaeleza nani aulizwe, kwa zamu: mume au mke, mwenzi, mtoto aliye mtu mzima, mzazi, mlezi, kisha kaka au dada aliye mtu mzima. Baba mkubwa wa Bukavu hayumo. Lakini nyinyi na mimi tunajua atasikilizwa, kwa hiyo naye ni vizuri ajue mapema.

Ama wale wanaosema mwili utakatwakatwa: upasuaji hufanywa kwa adabu kama wa mtu aliye hai, jeraha linashonwa, mwili unarudishwa, na jeneza laweza kufunguliwa watu wakamuaga ndugu yao. Familia hailipishwi gharama za upasuaji huo. Haitajiwi jina la aliyepokea, naye hatajiwi jina la marehemu. Na hakuna kulipana. Sheria inakataza kuuza au kununua kiungo cha mtu, na hatari yenyewe imewahi kuonekana: kati ya mwaka 2001 na 2003 katika hospitali moja ya Durban maskini kutoka nchi za mbali walilipwa ili matajiri wapewe figo zao, operesheni zaidi ya 100, na kampuni iliyoimiliki hospitali hiyo ikakiri kosa mahakamani mwaka 2010. Kwa hiyo mkubwa akiwaambia anaogopa biashara ya viungo, msimcheke. Ana haki ya kuogopa. Mwambieni tu kwamba biashara ile ilifanyika gizani kwa watu walio hai waliorubuniwa, na kwamba anayeombwa hospitalini kwa uwazi, na akaruhusiwa kukataa, hayuko katika biashara hiyo.

Matokeo ya ukimya majumbani yanaonekana kwenye hesabu. Afrika Kusini, nchi ya moyo wa kwanza, kwa mwaka haipati hata wachangiaji watatu waliofariki katika kila watu milioni moja. Hispania wanapata zaidi ya 40. Si kwamba Hispania hawaombi ruhusa. Nao huiuliza familia kila mara. Tofauti ni kwamba tangu mwaka 1989 wameweka katika hospitali zao madaktari waliofundishwa kukaa na familia, na watu wa kule wamezoea kulizungumza jambo hili wakiwa wazima.

Tanzania na Uganda safari ndiyo inaanza. Muhimbili, Dar es Salaam, walipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Uganda wamepata sheria yao ya viungo mwaka 2023, na mwaka huo huo Mulago wakapandikiza figo yao ya kwanza. Huko kwetu anayetoa figo huwa ni ndugu aliye hai: kaka, dada, mama. Ni upendo mkubwa. Lakini asiye na ndugu anayefanana naye damu anabaki kwenye mashine ya kusafisha damu, siku tatu kila wiki, kwa miaka.

Nyinyi bado ni watoto. Yakiwakuta, wazazi wenu ndio wataulizwa. Lakini kuuliza hakuna umri. Leo mkishakula, kabla hamjaondoa sahani, muulizeni mama: likitokea la kutokea, ungependa viungo vyako vimsaidie mtu? Mwulizeni baba, kaka, dada, na bibi wa Tanga kwenye simu. Akisema ndiyo, hakikisheni wako wawili waliosikia. Akisema hapana, heshimuni hapana yake, ni mwili wake. Na mkiulizwa nyinyi mnataka nini, semeni mnalotaka, wazi, ili asiwepo mtu nyumbani mwenu atakayeachwa na swali hilo saa nane za usiku.